Dawa ya Moto ni Upepo

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Sina nia ya kuwavunjia heshima, lakini ndani ya kompyuta dawa ya moto ni upepo. Hili nililijua muhula uliopita katika duka la mjomba wangu hapa Voi, na ningependa kukueleza hatua kwa hatua ili nawe usije ukatupa kitu kizima.

Mjomba hupiga na kuhariri video za harusi. Kompyuta yake ina kadi ya picha, yaani kile kibao kinachofanya hesabu za picha kabla hazijafika kwenye skrini. Yake ni ya mwaka 2016, naye aliinunua ikiwa imeshatumika. Kazi ikichacha, kadi hiyo hula hadi wati 120, sawa na balbu mbili za zamani za wati 60, na karibu umeme huo wote hugeuka joto. Joto lisipoondolewa, kadi hujipunguzia kasi ili isiungue. Likizidi kabisa, kompyuta huzimika.

Basi Jumatano moja nikitoka shule nilimkuta mjomba ameshika tama. Video ya harusi ilitakiwa Jumamosi, na kompyuta ilikuwa imezimika mara tatu tangu asubuhi. Feni moja ya kadi ilikuwa imekwama kwa hili vumbi letu jekundu, na ya pili ilinguruma kama mashini ya posho. Fundi mmoja alikuwa ameitazama kidogo tu akasema, "Hii imekufa, mzee. Leta 18,000 nikutafutie ingine." Pesa hizo zingetoka wapi? Malipo ya kwanza ya harusi hiyo ndiyo yaliyonilipia karo.

"Mjomba," nikamuuliza, "imekufa kadi ama zimekufa feni?"

"Si ni kitu kimoja, mama?"

La hasha, si kitu kimoja, na hapa ndipo penye somo. Kadi ina sehemu tatu. Kwanza ni kibao chenye chipu, ambayo ndiyo hutoa joto. Pili ni kipoza joto, yaani mirija ya shaba pamoja na vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kama meno ya kitana. Shaba hubeba joto kutoka kwenye chipu, nayo alumini hulitandaza mahali papana. Tatu ni kifuniko cha plastiki kilichoshika feni. Mimi nakiita gamba, kwa maana kimeifunika kadi kama gamba la kobe. Gamba na feni zake kazi yao ni kusukuma hewa tu. Ukileta feni nyingine ikasukuma hewa hiyo, vibati havitajua tofauti.

Tulinunua feni mbili za kompyuta za milimita 120, zote kwa shilingi 1,400. Kwa nini kubwa hivyo? Chukua hesabu ya duara tuliyofunzwa darasani. Feni ya milimita 80 ina nusu kipenyo cha 40, basi eneo lake ni 3.14 × 40 × 40, yaani milimita mraba 5,024. Ya milimita 120 ni 3.14 × 60 × 60, yaani 11,304. Imeishinda mwenzake zaidi ya mara mbili! Feni kubwa huzunguka polepole na bado husukuma hewa nyingi, tena bila kelele.

Sasa kazi yenyewe. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku la kompyuta, kwani mwili wako una umeme wake unaoweza kuua chipu kimyakimya. Fungua skurubu inayoishika kadi, chomoa waya wake, uitoe taratibu. Tafuta skurubu za gamba pekee. Zile nne zenye springi zilizoizunguka chipu usiziguse, maana ndizo zinazokishika kipoza joto. Chomoa plagi ya feni, vua gamba, kisha piga vumbi kwa brashi laini.

Pachika feni mpya juu ya vibati, uzifunge kwa vile vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya. Ule upande wa feni wenye mikono iliyoshika mota ndio upepo unakotokea, kwa hivyo uelekee kwenye vibati. Pima nafasi pia, kwani kila feni ina unene wa milimita 25. Mwisho, hakikisha hakuna waya unaogusa mapanga.

Mjomba alisimama nyuma yangu muda wote bila kusema neno. Plagi ya feni mpya ilikataa kuingia kwenye kadi kwa kuwa ni kubwa, nikaichomeka kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa wa kompyuta. Tukawasha. Feni zikazunguka! Mjomba akapiga makofi, lakini furaha yetu ilikuwa ya muda mfupi. Baada ya dakika 10 kipimo kilisoma nyuzi 84. Wee! Jasho lilinitoka. Nilidhani fundi alikuwa amesema kweli.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Feni zilizochomekwa kwenye mazabodi zilikuwa zikisikiliza joto la prosesa, si la kadi. Prosesa ilikuwa imepoa, nazo zikajizungukia polepole kama za sebuleni huku kadi ikichemka. Niliingia kwenye mipangilio ya mazabodi nikaziamuru zizunguke kwa kasi moja, kubwa, wakati wote. Tukaanza upya. Mara hii kipimo kilipanda hadi nyuzi 68 kikakaa papo hapo. Mjomba aliinamisha sikio kwenye sanduku, akauliza, "Imezimika tena?" La, ilikuwa kimya tu, inafanya kazi.

Video ilimalizika Ijumaa usiku na wenyewe wakaichukua Jumamosi. Kadi kwa sasa haina sura, imefungwafungwa kama mzigo wa matatu, lakini inaendelea kuleta unga nyumbani.

Msomaji mpenzi, sisemi mafundi ni waongo. Nasema tu kwamba ukiambiwa kitu kimekufa, uliza ni sehemu gani iliyokufa. Huenda jibu likakuokolea shilingi 16,600, kama lilivyotuokolea sisi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.