Kuona si Kutambua: Charles Gross na Seli Iliyoujua Mkono

Hebu tumfikirie mzee mmoja aliyepata kiharusi akapona vizuri. Anatembea, anazungumza bila shida, na akiwekwa mbele ya chati ya macho husoma hadi mstari wa chini. Asubuhi mkewe anaingia wodini na kusimama kando ya kitanda. Mzee anamtazama kama anavyomtazama mgeni. Mke anapotamka neno la kwanza tu, uso wa mzee unachangamka: "Kumbe ni wewe, mama watoto!" Macho yake hayana kasoro, wala kumbukumbu zake hazijafutika. Kilichokatika ni njia iliyo kati ya hivyo viwili, ile inayougeuza mwanga ulioingia jichoni kuwa mtu, kikombe au ufunguo.

Kasoro hii huitwa agnosia ya kuona, na inapohusu nyuso huitwa prosopagnosia. Daktari Mjerumani, Heinrich Lissauer, aliieleza mwaka 1890, akiwatofautisha wagonjwa wasioweza kuziunganisha sehemu za umbo na wale wanaoliona umbo zima lakini wasijue ni kitu gani. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye madaktari walibishana iwapo maradhi hayo yapo kweli, au ni macho mabovu tu yaliyokutana na akili iliyodhoofika. Miongoni mwa watu walioonyesha mahali pa kulitafuta jibu ni mtafiti ambaye hakuwa akitibu wagonjwa. Yeye alichunguza ubongo wa tumbili, na jina lake ni Charles Gross.

Gross alizaliwa New York mwaka 1936, akasoma Harvard, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1961. Aliporudi Marekani alijiunga na taasisi ya MIT, katika idara ya Hans-Lukas Teuber, mwanasaikolojia aliyekuwa amewachunguza askari waliojeruhiwa vichwani vitani. Wakati huo David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba seli za neva zilizo sehemu ya ubongo ya kisogoni hujibu mambo madogo madogo: ukingo wa mwanga, au mstari ulioinama kwa mshazari fulani. Lakini mstari si mkono, wala si uso. Mistari hiyo hukusanywa wapi hata ikawa kitu chenye jina?

Fununu ilikuwapo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Heinrich Klüver na Paul Bucy walieleza hali ya tumbili walioondolewa sehemu za ubongo za panjani, kulia na kushoto. Wanyama hao waliona, walinyoosha mkono na kukishika kitu bila kukikosa, lakini walikitia kinywani kila walichokiokota, kana kwamba hawajapata kukiona. Watafiti waliofuata waliipunguza sehemu hiyo hadi kwenye gamba la ubongo la upande wa chini wa panja. Gross akaamua kuzisikiliza seli za hapo, moja baada ya moja.

Kazi yenyewe ilihitaji subira kubwa. Waya wenye ncha nyembamba mno huwekwa jirani na seli moja katika ubongo wa tumbili aliyepewa dawa ya usingizi, na kila seli inapotoa ishara ya umeme, ishara hiyo hunaswa na kuhesabiwa. Kisha mnyama huonyeshwa vidoa na mistari ya mwanga kwenye skrini. Siku moja Gross na wenzake walipata seli iliyokataa kila walichoionyesha. Baada ya kukata tamaa, wakapunga mkono mbele ya skrini, na seli ile iliyokuwa bubu ikafyatuka kwa nguvu.

Saa 12 zilizofuata zilikwenda katika kukata maumbo ya karatasi na kuyajaribu. Walipoyapanga yote kwa kadiri yalivyoiamsha seli, hawakupata kipimo chochote chepesi cha kuueleza mpangilio ule. Jambo moja tu lilioana nao: kadiri umbo lilivyofanana na kivuli cha mkono wa tumbili, ndivyo seli ilivyojibu zaidi.

Hapa pana jambo linalonivutia kuliko ugunduzi wenyewe. Gross, David Bender na Mbrazili Carlos Eduardo Rocha-Miranda walipokuwa wakiandika taarifa yao kwa jarida la Science, iliyotoka mwaka 1969, hawakuthubutu kuitaja seli ya mkono katika rasimu ya kwanza. Teuber ndiye aliyewahimiza waiingize. Maelezo marefu zaidi yalichapishwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi hakuna mtafiti mwingine aliyejitokeza kuyathibitisha wala kuyakanusha. Mwaka 1981 Gross, ambaye tangu 1970 alikuwa Chuo Kikuu cha Princeton, alieleza pamoja na Charles Bruce na Robert Desimone seli zinazojibu nyuso. Mwaka uliofuata David Perrett na wenzake nchini Uingereza wakachapisha matokeo yanayoafikiana nayo. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake, wakitumia mashine ya MRI, walionyesha kwamba binadamu naye ana eneo, upande wa chini wa ubongo, linalochangamkia nyuso kuliko vitu vingine.

Je, basi kila mtu tunayemfahamu ana seli yake moja kichwani? Wanasayansi waliifanyia wazo hilo utani kwa kuliita "seli ya bibi", na Gross mwenyewe aliandika historia ya utani huo. Seli alizoziona hazikuwa hivyo. Nyingi zilijibu maumbo kadhaa, kwa viwango tofauti, na sura ya mtu huonekana kutokana na jinsi kundi la seli linavyojibu kwa pamoja. Wagonjwa nao wanatuelekeza huko huko: mwenye prosopagnosia hapotezi sura ya bibi yake peke yake, bali nyuso kwa jumla.

Si kila dai la Gross lilisimama. Mwaka 1999, yeye na Elizabeth Gould walitangaza kwamba seli mpya za neva huzaliwa katika gamba la ubongo la tumbili waliokomaa. Dai hilo lilipingwa vikali, na uchunguzi wa baadaye haukuliunga mkono. Gross alifariki mwaka 2019.

Kwa mhudumu wa afya, urithi wa kazi hii ni kwamba malalamiko ya mzee wetu yana anwani ndani ya ubongo. Chanzo kinaweza kuwa kiharusi, jeraha la kichwa, uambukizo wa ubongo au maradhi yanayoumomonyoa polepole. Pima kwanza uwezo wa kuona na upana wa eneo analoliona mgonjwa. Kisha mwonyeshe funguo bila kuzitikisa. Akishindwa kuzitaja, mwombe aeleze matumizi yake, maana pengine lililopotea ni neno tu. Akishindwa hata hapo, mtie funguo mkononi huku amefumba macho. Anayezitambua kwa kupapasa au kwa mlio, na hazitambui kwa kuziona, apelekwe kwa mtaalamu wa ubongo na neva.

Na familia ielezwe mapema. Kwetu, mtu anayempita jirani bila salamu huambiwa ana maringo, au kwamba amechanganyikiwa, na wapo wanaoishi na lawama hiyo miaka mingi. Anayeingia chumbani aanze yeye kusalimu na kutaja jina lake. Mke afunge kitambaa cha rangi ile ile kila anapokwenda wodini. Vikombe na dawa virudishwe mahali pale pale kila siku.