Usajili upya wa wachezaji huru wa Tampa Bay Buccaneers (2021)

Usajili upya wa wachezaji huru wa Tampa Bay Buccaneers mwaka 2021 ni mfululizo wa maamuzi yaliyofanywa na klabu hiyo ya futiboli ya Kimarekani, yenye makao yake katika jimbo la Florida, Marekani, baada ya kutwaa ubingwa wa Super Bowl LV tarehe 7 Februari 2021. Klabu ilikuwa na wachezaji kadhaa muhimu ambao mikataba yao ilikuwa inamalizika, na katika mwaka huohuo kiwango cha mishahara kinachoruhusiwa na ligi kilishuka. Hata hivyo iliwarudisha wachezaji wote 22 walioanza katika kikosi cha ubingwa, yaani 11 wa ushambuliaji na 11 wa ulinzi. Ilielezwa kuwa bingwa wa kwanza kufanya hivyo tangu ligi ilipoanza kuweka kikomo cha mishahara.

Tukio hili hutumika kueleza jinsi klabu za Ligi ya Taifa ya Futiboli (NFL) zinavyoamua nani abaki na nani aondoke, na jinsi gharama ya uamuzi wa mwaka mmoja inavyoweza kulipwa miaka ya baadaye.

Mchezaji huru katika NFL

Mchezaji huru ni mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha na anaweza kujiunga na klabu nyingine. Kwa miaka mingi wachezaji wa NFL hawakuwa na uhuru huo kwa ukamilifu. Hata mkataba ulipoisha, klabu ya zamani iliendelea kuwa na madai juu ya mchezaji. Baada ya kesi kadhaa mahakamani, makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji yalifungua njia mwaka 1993. Mmoja wa walionufaika mapema alikuwa beki Reggie White, aliyehama kutoka Philadelphia Eagles kwenda Green Bay Packers mwaka huo.

Kwa kanuni za sasa, mchezaji aliyetimiza misimu minne au zaidi ni huru kabisa mkataba wake unapoisha. Mwenye misimu mitatu yuko huru kwa masharti: klabu yake inaweza kulingana na dau la klabu nyingine na kubaki naye.

Klabu pia ina silaha moja ya kumzuia mchezaji anayetaka kuondoka, nayo huitwa tagi ya klabu. Kila mwaka inaweza kumwekea tagi mchezaji mmoja. Huyo hulipwa kwa mwaka mmoja kiasi kinacholingana na mishahara mikubwa kabisa ya wachezaji wa nafasi yake. Fedha ni nyingi, lakini wachezaji wengi hawaipendi tagi kwa sababu haina uhakika wa miaka mingi. Mtu akiumia vibaya ndani ya mwaka huo, mkataba mkubwa aliokuwa akiutarajia unaweza kumponyoka.

Kikomo cha mishahara

Uhuru wa wachezaji ulikuja pamoja na kikomo cha mishahara, kilichoanza msimu wa 1994 kikiwa dola milioni 34.6 kwa kila klabu. Kikomo hicho hutegemea mapato ya ligi, na kwa kawaida hupanda. Mwaka 2020 kilikuwa dola milioni 198.2. Janga la UVIKO-19 liliwazuia mashabiki wengi kuingia viwanjani, mapato yakapungua, na kikomo cha 2021 kikashuka hadi dola milioni 182.5.

Tofauti na klabu nyingi za soka duniani, ambako tajiri anaweza kununua kadiri mfuko wake unavyoruhusu, katika NFL fedha za mwenye klabu hazitoshi kumaliza tatizo. Klabu zote 32 zina kikomo kilekile, na kila moja lazima iwe ndani yake mwaka mpya wa ligi unapoanza katikati ya Machi. Mwaka 2021 siku hiyo ilikuwa tarehe 17 Machi. Kwa hiyo kumbakiza mchezaji mmoja mara nyingi kuna maana ya kumwacha mwingine.

Hali ya klabu baada ya ubingwa

Buccaneers, iliyoanza kucheza mwaka 1976, haikuwa imefika kwenye michezo ya mtoano tangu msimu wa 2007. Mwaka 2020 ilimsajili kwotabeki Tom Brady akiwa mchezaji huru kutoka New England Patriots, ambako alikuwa ametwaa mataji sita. Msimu huo Tampa Bay ilishinda michezo 11 kati ya 16, kisha ikaifunga Kansas City Chiefs 31–9 katika fainali iliyochezwa kwenye uwanja wake wa nyumbani. Hakuna klabu iliyokuwa imefanya hivyo kabla yake.

Furaha hiyo ilikuja na swali gumu. Brady alikuwa na umri wa miaka 43. Waliomaliza mikataba ni pamoja na Lavonte David, kiungo wa ulinzi aliyekuwa na klabu tangu 2012. Shaquil Barrett, hodari wa kuwaangusha makwotabeki. Mpokeaji Chris Godwin. Rob Gronkowski, aliyefunga mara mbili katika fainali. Ndamukong Suh wa mstari wa ulinzi. Mkimbiaji Leonard Fournette. Mpokeaji Antonio Brown. Na mpiga mikwaju Ryan Succop. Meneja mkuu Jason Licht na kocha mkuu Bruce Arians walikuwa na njia mbili: kuanza kujenga kikosi cha vijana kwa ajili ya kesho, au kujaribu taji la pili kabla Brady hajastaafu. Walichagua ya pili.

Maamuzi yaliyofanyika

Godwin aliwekewa tagi ya klabu, yenye thamani ya karibu dola milioni 16. Uamuzi huo uliwapa viongozi nafasi ya kuzungumza na wengine bila hofu ya kumpoteza. David alikubali mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 25.

Brady mwenyewe hakuwa mchezaji huru, lakini mkataba wake ulikuwa ufunguo wa mengine yote. Tarehe 12 Machi aliongeza mkataba hadi msimu wa 2022 kwa mpangilio ulioipunguzia klabu mzigo wa karibu dola milioni 19 katika hesabu ya mwaka huo. Siku chache baadaye Barrett alikubali mkataba wa miaka minne ambao thamani yake ingeweza kufika dola milioni 72. Gronkowski, Suh na Fournette walikubali mikataba ya mwaka mmoja kabla ya Machi kwisha, na Succop akapata wa miaka mitatu. Brown alikuwa wa mwisho miongoni mwa majina makubwa. Alikubali kurudi mwishoni mwa Aprili.

Miaka hewa

Ili fedha zitoshe, klabu ilitumia njia inayoweza kuitwa miaka hewa. Kanuni inaruhusu fedha za kusaini, ambazo mchezaji hulipwa mapema, zigawanywe katika hesabu ya kikomo kwa miaka ya mkataba isiyozidi mitano. Klabu huongeza mwishoni mwa mkataba miaka ambayo pande zote zinajua mchezaji hataicheza, ili mgawanyo uwe mwembamba zaidi.

Mfano rahisi: mchezaji anapewa dola milioni 15 za kusaini, mkataba una miaka miwili ya kweli na mitatu hewa. Kila mwaka hesabu huandikwa milioni 3 tu. Mkataba unapofika mwisho baada ya miaka miwili, milioni 9 zilizobaki huingia kwenye hesabu kwa mkupuo, ingawa mchezaji hayupo tena. Fedha hizo ni mzigo usiozalisha chochote uwanjani. Njia hii haifuti deni. Inaliahirisha tu, na dawa ya deni ni kulipa.

Matokeo

Msimu wa 2021 Tampa Bay ilishinda michezo 13 na kupoteza minne, idadi kubwa ya ushindi kuliko msimu wowote wa kawaida katika historia yake. Brady aliongoza ligi kwa yadi za kurusha, 5,316. Lakini tarehe 19 Desemba Godwin aliumia goti na msimu wake ukaisha, na Januari 2022 Brown aliondoka uwanjani katikati ya mchezo dhidi ya New York Jets, kisha akaachwa na klabu.

Katika mtoano Buccaneers iliishinda Philadelphia Eagles 31–15, halafu ikakutana na Los Angeles Rams. Ilikuwa nyuma 27–3, ikasawazisha 27–27, ikapoteza 30–27 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Aliyeupiga alikuwa Matt Gay, ambaye Tampa Bay ilimchagua mwaka 2019 na kumwacha mwaka uliofuata, nafasi yake ikachukuliwa na Succop. Rams ndiyo iliyotwaa ubingwa.

Baada ya hapo kikosi kilianza kutawanyika. Mlinzi wa mstari wa mbele Ali Marpet alistaafu, Alex Cappa akaenda Cincinnati na Jordan Whitehead akaenda New York. Suh hakuongezewa mkataba, na Gronkowski alistaafu. Arians aliacha ukocha na nafasi yake ikachukuliwa na Todd Bowles. Msimu wa 2022 klabu ilishinda michezo minane na kupoteza tisa, ikatolewa na Dallas Cowboys katika mchezo wake wa kwanza wa mtoano. Brady alistaafu tarehe 1 Februari 2023.

Mwaka huo deni liliiva. Brady peke yake aliacha mzigo wa takriban dola milioni 35 katika hesabu ya 2023. Klabu ilimsajili kwotabeki Baker Mayfield kwa mkataba mdogo wa mwaka mmoja, na wengi hawakutarajia mengi. Hata hivyo iliongoza kundi lake na kushinda mchezo mmoja wa mtoano.

Tathmini

Wanaosifu maamuzi ya 2021 husema nafasi ya kuwa na kwotabeki wa kiwango cha Brady ni adimu, na kwamba ubingwa wa pili ulikosekana kwa majeraha na mkwaju mmoja. Wanaokosoa husema wachezaji waliokuwa wanazeeka walilipwa kwa fedha za kesho. Kilicho wazi ni kwamba klabu haikuanguka kama ilivyohofiwa. Mwaka 2024, mzigo ulipopungua, ilikabiliwa tena na swali lilelile, na safari hii iliwasainisha Mayfield kwa miaka mitatu na mpokeaji wake mkongwe Mike Evans kwa miwili, huku David akirudi kwa mwaka mmoja mwingine.