Kati ya 7.9 na 7.85, ipi kubwa? Tuwafundishe watoto kulinganisha desimali

Ndugu msomaji, chukulia mama aliyempeleka mwanawe kliniki miezi miwili mfululizo. Mwezi wa kwanza kadi ilionyesha kilo 7.9, na mwezi uliofuata kilo 7.85. Mama huyo akiona kuwa 85 ni kubwa kuliko 9, atarejea nyumbani akimshukuru Mola kwamba mwanawe ameongezeka uzito. Kumbe mtoto amepungua gramu 50, na swali lililopasa kuulizwa kwa muuguzi halikuulizwa.

Chanzo cha kosa hilo ni mazoea. Katika namba nzima, yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Lakini kulia kwa nukta kanuni hiyo haifanyi kazi. Hapo tarakimu ya kwanza huhesabu sehemu za kumi, ya pili sehemu za mia, na ya tatu sehemu za elfu. Katika 7.9 mna sehemu tisa za kumi, katika 7.85 mna nane tu, na zile sehemu tano za mia zinazofuata hazitoshi kulifidia pengo.

Wapo pia watoto wanaoteleza upande wa pili. Wakishafahamu kuwa sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, hudhani kila desimali ndefu ni ndogo, wakasema 0.4 inaizidi 0.73. Urefu wa namba, basi, si hoja kwa upande wowote.

Njia iliyo salama ni hii. Ziandike namba moja chini ya nyingine, nukta chini ya nukta, na nafasi tupu za mwisho uzijaze sifuri, kwani 2.5 na 2.500 ni kitu kimoja. Kisha linganisha kuanzia kushoto. Pale tarakimu zinapotofautiana kwa mara ya kwanza, hapo ndipo penye jawabu.

Tuchukue uzito wa watoto wanne waliozaliwa: kilo 2.5, 2.45, 2.54 na 2.405. Tukizijaza sifuri tunapata 2.500, 2.450, 2.540 na 2.405. Kutoka ndogo hadi kubwa, mpangilio ni 2.405, 2.45, 2.5, 2.54. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto aliyezaliwa na chini ya kilo 2.5 kuwa na uzito pungufu. Kwa hiyo wawili wa mwanzo wamo katika kundi hilo, ingawa 2.405 ndiyo namba ndefu kuliko zote.

Ulimi nao huchangia kosa. Tukisoma "saba nukta themanini na tano", sikio la mtoto hushika themanini na tano. Isomwe "saba nukta nane tano".

Aidha, mtoto aelezwe kwamba si kila nukta ni ya desimali. Katika katiba ya msikiti, kifungu cha 4.10 huja baada ya 4.9, kwa kuwa ni kifungu cha kumi cha sehemu ya nne. Lakini nyama ya kilo 4.10 ni pungufu ya kilo 4.9.

Wala watoto wetu wasidhani kuwa elimu hii ni ngeni kwao. Mwaka 341 Hijria, sawa na 952 Miladia, Abu al-Hasan al-Uqlidisi aliandika mjini Damascus kitabu cha hesabu ambamo alitumia sehemu za kumi na kuweka alama ya kuzitenga na namba nzima. Mwaka 1427 al-Kashi, mwanazuoni wa Samarkand, alizifafanua kwa kina katika Miftah al-Hisab.

Jioni moja wiki hii, mzazi atoe kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, na kaka au dada yake apange uzito wa kila mwezi kutoka mdogo hadi mkubwa. Mpangilio huo ukipishana na ule wa miezi, familia itakuwa imejua ni mwezi gani mtoto alipungua, na itakwenda kliniki ikiwa na swali la kuuliza.