Kifua kikuu kimepona, mbona kikohozi hakiishi?

Katika mji wa Busia, na pia Malaba wilayani Tororo, watu huvuka kila siku baina ya Kenya na Uganda. Mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kuanza dawa upande mmoja na kuzimaliza upande wa pili. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Hata hivyo, vijidudu vikiisha, mapafu huenda yakabaki na makovu.

Kifua kikuu hula nyama ya mapafu na mara nyingine huacha mashimo yasiyozibika. Makohozi hutuama humo, na kuvu inayovutwa pamoja na hewa hupata pa kuota. Kuvu hiyo ni jamaa ya ile inayotia sumukuvu kwenye mahindi.

Dalili zake ni kikohozi cha miezi, uchovu, kukonda na pengine kukohoa damu. Kwa kuwa zinafanana na za kifua kikuu, mgonjwa anaweza kurudishiwa dawa zilezile, ambazo haziui kuvu.

Utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwachunguza watu 285 waliowahi kutibiwa kifua kikuu. Kumi na wanne kati yao walikuwa na ugonjwa huo wa kuvu. Miongoni mwa wenye mashimo mapafuni, ulimpata takriban mmoja kati ya kila wanne. Kwa wasio na mashimo, chini ya mmoja kati ya mia.

Ndiyo maana kikohozi kinachorudi kinahitaji kupimwa upya: makohozi, picha ya eksirei na, inapowezekana, damu. Kuvu ikithibitishwa, zipo dawa zake, nazo humezwa kwa miezi kadhaa. Anayekohoa damu nyingi apelekwe hospitalini mara moja.

Mapafu yenye makovu yanahitaji pia kulindwa dhidi ya sigara, moshi wa kuni na vumbi la mawe, linalowakabili wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Uganda wa Busia. Kutembea na mazoezi ya kupumua husaidia kurudisha nguvu.

Anayevuka mpaka, au anayeishi ughaibuni, ahifadhi kadi ya matibabu na picha za zamani, na amweleze daktari kwamba aliwahi kuugua kifua kikuu, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Bila habari hiyo, daktari huenda asifikirie kutafuta mashimo hayo.