Taa ya rivasi haiwaki? Usikimbilie kufungua gia boksi

Lori linarudi nyuma usiku, taa ya rivasi haiwaki na alamu hailii. Utingo anashuka, anagonga bodi na kupaza sauti: "Njoo, njoo!" Kwenye njia za vijijini kama za Dutumi, Kibaha Vijijini, ambako kuna watembea kwa miguu na bodaboda, hiyo ni hatari ya wazi.

Chanzo kinaweza kuwa kifaa kidogo tu kilichofungwa ubavuni mwa gia boksi: swichi ya gia. Ncha yake husukumwa na chuma cha ndani gia inapoingia, umeme unapita, taa inawaka.

Nyingine hukaa upande wa nyutro. Kwenye baadhi ya malori ya dizeli, hiyo ndiyo inayoruhusu stata ifanye kazi. Ikifa, dereva anapiga swichi na gari liko kimya. Hapo ndipo betri hununuliwa bure, stata ikafunguliwa bure.

Masika huchangia sana. Tope na maji huingia kwenye soketi, pini zinaota kutu. Kiangazi vumbi na mtikisiko hulegeza waya.

Fundi makini huanza na vitu rahisi: fyuzi, balbu, kisha soketi yenyewe. Gari liwe tambarare, breki ya mkono imevutwa, matairi yamewekewa vigingi, injini imezimwa. Kumbuka malori mengi makubwa hutumia volti 24, hivyo taa ya kupimia ya volti 12 inaweza kuungua.

Kwa swichi ya rivasi yenye waya mbili, chomoa soketi, weka multimita kwenye pini za swichi, kisha ingiza rivasi. Mita ilie. Ukirudisha nyutro, inyamaze. Isipolia kabisa, au ikilia muda wote, swichi ina shida. Ikifanya vizuri lakini taa bado haiwaki, rudi kwenye waya.

Usiitupe bado. Ifungue, bonyeza ncha kwa kidole huku unapima. Ikilia mkononi, swichi ni nzima. Huenda washa iliyowekwa ni nene mno, ncha haifiki inakotakiwa, au chuma cha ndani kimelika. Hili la washa husahaulika, na mtu anarudi dukani mara ya pili.

Kubadilisha si kazi kubwa. Toa kwanza waya hasi wa betri, na futa uchafu kuzunguka swichi ili mchanga usiingie ndani. Weka chombo chini kwa sababu oili inaweza kutoka. Nenda na swichi ya zamani dukani, iwe Mlandizi au Gerezani, Dar es Salaam, ulinganishe nyuzi, urefu wa ncha na soketi. Zinafanana kwa macho, lakini hazilingani. Kaza kwa kiasi. Gia boksi nyingi zina mwili wa aluminiamu na nyuzi zake huchanika. Mwisho, pima kiwango cha oili.

Kinachoogopesha ni njia ya mkato: fundi anaunganisha waya za swichi ya nyutro moja kwa moja ili gari liwake. Linawaka kweli, lakini linawaka hata likiwa kwenye gia. Lori lenye mzigo likiruka mbele wakati utingo yuko mbele ya bampa, hakuna wa kulizuia.

Kwa gia boksi zinazobadilishwa na kompyuta, kama Opticruise ya Scania au I-Shift ya Volvo, waya zisiunganishwe kwa majaribio hata kidogo. Huko kinachohitajika ni mashine ya kusoma kosa kwenye kompyuta ya gari, na fundi anayeijua.