Kigae kinachosikiliza setilaiti

Bosi mwenye bodaboda Isevya, hapo Manispaa ya Tabora, hangoji tena hesabu ya jioni ndipo ajue pikipiki yake imeshinda wapi. Anafunga kifaa cha GPS chini ya kiti, kisha anatazama simu. Mabasi ya mikoani nayo yana vifaa vyao, kwa kuwa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hufuatilia mwendo wao kupitia mfumo wa kufuatilia magari uitwao VTS. Zamani haikuwa rahisi hivyo: mwaka 1872, David Livingstone alipokuwa akingoja wapagazi Kwihara, nje kidogo ya mji huu, msafiri aliyetaka kujua yuko wapi alihitaji sekstanti, anga safi na hesabu ndefu.

Ukifungua kifaa kama hicho, mara nyingi utakuta kigae cha kauri cha mraba, sentimita mbili na nusu hivi kila upande, kilichopakwa fedha juu na chini. Hiyo ndiyo antena. Setilaiti ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na sauti yao ikifika Tabora imedhoofika mno. Kigae huisikia kwa sababu kimekatwa kwa kipimo kinachovuma pamoja na wimbi moja tu, la megahezi 1575.42.

Mji uliotoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz hauhitaji kufundishwa jambo hili: waya wa gitaa huimba noti yake pale urefu wake unapolingana na nusu ya wimbi. Tofauti ni kwamba waya hutulia kwenye ncha, ilhali katika antena hii umeme huchachamaa zaidi kingoni, na ni kingoni humo mawimbi yanamoingilia na kutokea.

Wimbi la GPS lina urefu wa sentimita 19 hewani, kwa hiyo nusu yake ni tisa na nusu. Ndani ya kauri wimbi huenda polepole na kufupika. Kauri ikilipunguza mara nne na nusu, nusu wimbi inabaki sentimita mbili na kidogo. Hesabu imekwisha? Bado. Umeme haukomi pale metali inapokoma, humwagika kidogo nje ya kingo, na antena hujiona ndefu kuliko rula inavyosema.

Chukua kibao cha kawaida cha saketi chenye unene wa milimita 1.6. Kwa GPS, bati la shaba juu yake linatakiwa liwe na urefu wa milimita 45 hivi. Anayesahau mmwagiko wa kingo atakata karibu 46.6, na antena yake itavuma chini ya lengo kwa karibu megahezi 50. Kosa la milimita moja na nusu! Nalo ni kosa kubwa, kwani antena hizi husikia ukanda mwembamba, takribani asilimia 1 hadi 2 ya masafa yake.

Georges Deschamps alipendekeza wazo la antena ya aina hii mwaka 1953, lakini lilipata matumizi miaka ya 1970, Wamarekani kama Robert Munson walipotaka antena bapa za kubandika kwenye makombora. Mwaka 1979 Lo, Solomon na Richards wakaichukulia nafasi iliyo kati ya mabati mawili kuwa sanduku: juu na chini metali, pembeni kuta za kufikirika. Kwa sanduku hilo, penseli inatosha kukadiria masafa. Leo programu za bure kama openEMS hukata umbo zima vipande vidogo na kukokotoa kila kimoja, hata kwenye kompyuta ya mkononi.

Binafsi naipenda zaidi penseli, angalau mwanzoni. Programu haijui kibao chako kimetengenezwaje. Ukiiambia kihami kilicho kati ya mabati kina kigezo cha dielektriki (kipimo cha jinsi kinavyolipunguza mwendo wimbi) cha 4.4 kumbe ni 4.2, masafa yanapanda kwa zaidi ya asilimia 2, yaani nje ya ukanda, na picha za rangi kwenye skrini hazitakuonya. Kisha kuna ganda la plastiki, ambalo huyashusha tena, na chuma cha pikipiki kinachoziba anga.

Ndiyo maana mafundi hukata bati refu kidogo kuliko hesabu, hupima likiwa ndani ya ganda lake, kisha hupiga tupa kingoni taratibu. Kila unachopunguza hupandisha masafa, na shaba iliyokwisha kuondoka hairudishwi.