MFANGANO: MLIMA ULIOZUNGUKWA NA MAJI

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa tembea uone. Wengi wetu hapa Homa Bay na Migori tunaota kuzuru Mombasa au Maasai Mara, ilhali hatujakanyaga Mfangano. Hebu tukitazame kisiwa hiki.

Mfangano kiko ndani ya Ziwa Victoria, katika kaunti ya Homa Bay. Jirani yake, Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, kimeunganishwa na Mbita kwa daraja. Mfangano hakina daraja. Wasafiri wengi hupanda chombo pale Mbita. Kisiwa chenyewe ni mlima. Kilele chake, Kwitutu, kina kimo cha mita 1,694 hivi kutoka usawa wa bahari, nalo ziwa liko kama mita 1,134. Basi ukisimama ufuoni, mlima umekupita kwa zaidi ya mita 500!

Kimetengwa pia kwa lugha. Wenyeji ni Wasuba, ambao mababu wa wengi wao walivuka ziwa kutoka Uganda. Kisuba ni lugha ya Kibantu iliyozungukwa na Kijaluo. Kwa kuoana, kufanya biashara na kusoma pamoja, watoto wengi wamekua wakisema Kijaluo, na sasa Kisuba kimo hatarini kutoweka.

Watalii huja kupumzika katika hoteli za ufuoni na kuvua mbuta. Wengine hupanda mlima hadi Mawanga na Kwitone. Huko kuna michoro ya kale ya miviringo, myekundu na myeupe, iliyochorwa mwambani. Wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya Wasuba. Wasuba nao waliifanya kuwa mahali patakatifu, ambapo wazee walikwenda kuomba mvua wakati wa ukame.

Je, ni nani aliyeilinda michoro hiyo miaka hiyo yote? Si askari wala ua. Ni mwiko! Mtu aliogopa kuichezea asije akailetea jamii balaa. Lakini mwiko huishi katika masimulizi, na masimulizi huishi katika lugha. Kijana asiyeijua lugha ya babu yake ataona rangi tu mwambani, na pengine aandike jina lake juu yake. Mambo kama hayo yaliipata michoro ya Kakapel, kule Busia.

Wenyeji hawajakaa kitako. Makavazi ya Amani ya Abasuba hutunza historia hiyo, na redio ya Ekialo Kiona kisiwani imetangaza kwa Kisuba.

Wanafunzi wenzangu, tunakipenda Kiswahili, lakini kukipenda si kuzika lugha za nyumbani. Aliye na nyanya anayejua Kisuba amwulize hadithi na aziandike daftarini. Ukipata nafasi ya kupanda Mawanga, tazama bila kugusa. Mwacha mila ni mtumwa.